Injini Mbili na Saa Zilizobaki

Mwaka 1998 jeshi la Uganda lilipokea helikopta mbili za kivita aina ya Mi-24 kutoka Belarus. Zilikuwa za mtumba, kila moja ikiwa na injini mbili za turbini, na zilikuwa nusu ya helikopta nne ambazo serikali ilikubali kuzinunua kwa zaidi ya dola milioni 12 za Kimarekani. Mkataba ulitaka ziwe zimefanyiwa ukarabati mkubwa, ule wa kufungua mashine hadi ndani kabisa na kuipa maisha mapya. Zilipofika ikabainika kwamba kazi hiyo haikufanywa. Salim Saleh, ndugu yake Rais Museveni na mshauri wake wa mambo ya kijeshi, alikiri kwamba aliahidiwa kamisheni ya dola 800,000 katika biashara hiyo, akajiuzulu. Baadaye sakata hilo lilichunguzwa na tume ya Jaji Julia Sebutinde, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague.

Habari hiyo husimuliwa kama habari ya rushwa, na ni sawa. Lakini ndani yake mna swali la ufundi linalomhusu yeyote anayetaka kununua helikopta iliyokwisha tumika, awe wizara ya ulinzi, mwenye kambi ya watalii Maasai Mara, shirika la ambulansi au mwanasiasa anayejiandaa kwa kampeni. Ilikuwaje mashine za mamilioni ya dola zikatoka bara moja hadi jingine, zikapokelewa, ndipo ikajulikana kwamba kilicholipiwa hakimo? Kwa sababu kilicholipiwa hakionekani kwa macho. Rangi inaonekana, viti vya ngozi vinaonekana. Ukarabati mkubwa umo ndani ya giaboksi na kwenye makaratasi, na mnunuzi asiye na mtu wa kumsomea viwili hivyo amenunua rangi na viti.

Kwa gari la mtumba kutoka Japani tumezoea kuuliza limetembea kilomita ngapi, na jibu moja hutupa picha ya kutosha. Helikopta haina jibu moja. Kiwiliwili kina umri wake. Giaboksi kuu ina wake, na pengine ilitolewa kwenye helikopta nyingine kabisa. Mapanga ya rota kuu yana wake, mapanga ya mkia yana wake, kichwa cha rota kina wake, pampu za haidroliki zina wake. Kila injini ina umri wake, na ndani ya injini moja kompresa inaweza kuwa kijana huku turbini ikikaribia ukomo. Kwa vipuri vingi kati ya hivyo mtengenezaji ameweka kikomo cha saa: saa zikitimia, kipuri kinatolewa, hata kama kinang'aa na hakina alama yoyote ya uchovu. Baadhi hufunguliwa, hukarabatiwa na kurudishwa. Vingine hutupwa.

Kwa hiyo anayenunua helikopta ya mtumba ananunua saa zilizobaki. Hilo ndilo ningependa kila mwenye hundi mkononi alielewe kabla hajapanda ndege kwenda kumwona muuzaji.

Tuchukue mfano wa injini ambayo imebeba sehemu kubwa ya helikopta ndogo duniani, Allison 250, iliyozaliwa Indianapolis na ambayo leo iko chini ya Rolls-Royce. Katika matoleo ya C20, hutoa nguvu ya farasi wapatao 420 wakati wa kuruka. Zikiwa mbili mbili, ndizo zilizobeba Bo 105 ya Ujerumani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, Agusta A109 ya Italia ya mwaka 1971, na AS355 ya Ufaransa ya mwaka 1979, katika matoleo yao ya awali. Turbini ya injini hii hukaguliwa sehemu yake ya moto inapofika saa 1,750, na hufanyiwa ukarabati mkubwa katika saa 3,500. Sasa muuzaji anakuambia, kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi, kwamba injini zote mbili zina saa 3,300 tu tangu ukarabati wa mwisho na zinafanya kazi vizuri. Huenda zinafanya kazi vizuri kweli. Ila una saa 200 za kuruka, ambazo katika biashara ya kukodisha zinaweza kuisha ndani ya miezi michache, kisha utaandika hundi mbili kwa mpigo, kwa sababu injini ni mbili. Ikiwa giaboksi na mapanga navyo vinakaribia mwisho wake, mashine uliyoinunua kwa bei ya kutupa itakuomba ununue nyingine ndani yake.

Hapo ndipo bei ndogo za matangazo zinapopata maana. Helikopta ya injini mbili ya miaka ya 1980 inaweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko helikopta ya injini moja iliyotengenezwa miaka michache iliyopita. Mtu asiyejua hudhani amepata bahati, maana injini mbili kwa bei pungufu ya moja si jambo la kila siku. Ukweli ni kwamba soko limepiga hesabu zake. Limeangalia saa zilizobaki katika kila kipuri, likaongeza mafuta yanayonywewa na injini mbili, ukaguzi wa mara mbili na bima, likatoa jumla. Bei ikishuka sana, gharama haikufutika. Inamsubiri mmiliki ajaye.

Mfano ulio wazi ni wa jimbo la Illinois, Marekani. Mwaka 2015 jimbo hilo, likijaribu kubana matumizi, liliuza baadhi ya ndege zake, na kati yake ilikuwamo Sikorsky S-76B iliyotengenezwa mwaka 1991 na iliyokuwa ikibeba magavana. Ni helikopta ya hadhi kubwa, yenye injini mbili, magurudumu yanayokunjwa na nafasi ya abiria wanane kwa raha. Iliuzwa kwa zaidi kidogo ya dola 515,000, karibu shilingi milioni 50 za Kenya kwa kiwango cha wakati ule. Nitairudia helikopta hiyo, kwa sababu dunia nzima ililisikia jina la abiria wake wa mwisho.

Saa za kuruka zenyewe hazitoshi. Turbini huchoka pia kwa kuwashwa na kuzimwa. Kila inapowashwa, chuma cha ndani hupashwa joto ghafla hadi mamia ya nyuzi, kikatanuka, ikizimwa kikanywea. Ndiyo maana magurudumu ya turbini huhesabiwa saa na mizunguko ya kuwashwa kwa pamoja, na kinachotimia kwanza ndicho kinachokiondoa kipuri. Ujerumani ilianza kutumia Bo 105 kama ambulansi ya anga mwezi Novemba 1970 mjini Munich, kwa jina la Christoph 1, na mtindo huo ukaenea Ulaya. Helikopta ya ambulansi huruka dakika chache, hutua, huzima, hupakia mgonjwa, huwasha tena. Kwa saa 1,000 inaweza kuwa imewashwa mara nyingi kuliko helikopta ya mafuta ya baharini iliyoruka saa 3,000 kwa safari ndefu. Tangazo likisema “saa chache, ilikuwa ya hospitali”, swali la kwanza liwe: imewashwa mara ngapi? Na kama muuzaji hana daftari la mizunguko hiyo, basi hajui anachouza.

Helikopta ya baharini nayo ina ugonjwa wake, chumvi. Huingia kwenye viungo vya alumini, chini ya sakafu na ndani ya mkia, ikala taratibu pale ambapo hakuna anayepitisha macho. Mtu wa Mombasa au Zanzibar anaijua kazi ya chumvi kwenye bati la nyumba, hahitaji kuelezwa. Mafundi wazuri huomba sakafu ifunguliwe. Muuzaji akikataa, wameshapata jibu.

Kisha kuna umri wa kalenda, ambao huwashtua wengi. Mipira ya haidroliki, mihuri ya mpira, maboya ya dharura, chupa za kuzimia moto na baadhi ya vipuri vya kichwa cha rota huhesabiwa miaka, iwe helikopta inaruka au imelala hangarini. Katika familia ya AS350 na ndugu yake wa injini mbili AS355, kuna ukaguzi wa miaka 12 ambao huivua mashine karibu hadi mifupa. Helikopta iliyolala miaka sita mahali pakavu, yenye saa chache sana, inapendeza sana kwenye picha. Uliza ukaguzi huo ulifanyika lini. Mara nyingi ndiyo sababu ya kuuzwa kwake.

Sasa nije kwenye hiyo injini ya pili, maana ndiyo inayowavuta watu.

Tarehe 10 Juni 2012 Wakenya walimpoteza Waziri wa Usalama wa Ndani, George Saitoti, na Waziri Msaidizi wake, Orwa Ojode, pamoja na wenzao wanne, helikopta ya polisi ilipoanguka huko Kibiku, Ngong. Ilikuwa AS350 ya injini moja, na haikuwa kuukuu, ilikuwa karibu mpya kabisa. Misiba ya namna hiyo huacha hofu inayoeleweka, na hofu hiyo huzaa hoja nyepesi: kiongozi asipande tena injini moja, apewe mbili. Naielewa hofu hiyo, lakini hoja yake haikamiliki bila swali moja. Injini moja ikizimika, ile iliyobaki itaweza kufanya nini, kwa uzito huu, katika hewa hii?

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika Kiambatisho chake cha Sita, limegawa uwezo wa helikopta katika madaraja matatu. Daraja la kwanza, injini moja ikifa wakati wowote, helikopta ama hurudi chini salama kwenye eneo lililotengwa, ama huendelea na safari. Daraja la pili huweza kuendelea, isipokuwa katika sehemu ya mwanzo ya kuruka au ya mwisho ya kutua, ambapo italazimika kutua popote. Daraja la tatu, injini ikifa, ni kutua kwa dharura tu. Watu wengi hudhani kwamba injini mbili ni daraja la kwanza moja kwa moja. Sivyo. Helikopta ileile inaweza kuwa daraja la kwanza asubuhi ikiwa na watu watatu, na ikashuka daraja saa nane mchana ikiwa na sita.

Hapo ndipo jiografia yetu inapoingia, nayo haina huruma. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Eldoret inapita mita 2,100. Mchana wa Februari, joto la Nairobi likifika nyuzi 26, hewa ya Wilson huwa nyepesi kama hewa ya kawaida ya mita 2,500. Hewa nyepesi huiumiza helikopta mara mbili: mapanga hupata kidogo cha kushika, na injini hupata kidogo cha kupumua. Helikopta za injini mbili za kizazi cha kwanza zilibuniwa na kupigiwa hesabu Ulaya, nyingi zikiwa za kazi za karibu na usawa wa bahari. Ukiijaza mojawapo abiria na mafuta Wilson mchana, kisha injini moja ikazima, ile ya pili huenda isiweze kuibakiza hewani. Itapunguza kasi ya kushuka na kumpa rubani muda wa kuchagua mahali pa kutua. Hilo lina thamani kubwa, sitalidharau. Ila si kile mnunuzi alichoambiwa wakati akilipa.

Halafu fikiria hili. Tarehe 14 Mei 2005 helikopta ya AS350 B3 ilitua juu ya kilele cha Everest, mita 8,848. Ilikuwa na injini moja. Kinachoamua huko juu ni akiba ya nguvu iliyobaki baada ya kubeba mzigo, na injini moja yenye nguvu ndani ya mwili mwepesi inaweza kuwa na akiba kubwa kuliko injini mbili dhaifu zinazobebana zenyewe.

Basi kwa nini injini mbili zipo, na kwa nini Ulaya inazihitaji? Sababu moja ni sheria. Katikati ya London, helikopta ya injini moja hulazimika kufuata njia maalumu, na juu ya kitovu cha jiji njia hiyo ni mto Thames, ili ikizima isiangukie nyumba za watu. Ya injini mbili ina uhuru zaidi. Safari za baharini kwenye mitambo ya mafuta, safari za usiku, safari za mawinguni kwa kutumia vyombo, zote zimejengwa juu ya injini mbili. Soko la mtumba la Uingereza lina AS355 na A109 nyingi kwa sababu wamiliki wake walitaka kuvuka miji. Mnunuzi wa Arusha, ambaye kazi yake ni kupeleka watalii Serengeti mchana, anaweza kujikuta akilipia hitaji la London.

Na injini ya pili haiponyi kila kitu. Tarehe 29 Novemba 2013 helikopta ya polisi wa Scotland, EC135 yenye injini mbili, iliangukia baa ya Clutha mjini Glasgow, ikaua watu 10, saba kati yao wakiwa ndani ya baa wakisikiliza muziki. Injini zote mbili zilizimika, moja baada ya nyingine. Mafuta yalikuwamo, zaidi ya kilo 70 katika tanki kuu, lakini swichi za pampu za kuyahamishia kwenye matanki ya injini zilikuwa zimezimwa. Mwaka 2018, nje ya uwanja wa mpira wa Leicester, beringi ya mfumo wa rota ya mkia ilikwama katika AW169, na mwenye klabu, Vichai Srivaddhanaprabha, akafa pamoja na wenzake wanne. Injini zake mbili hazikuwa na la kufanya. Rota ya mkia ni moja.

Na ile S-76B ya magavana wa Illinois? Tarehe 26 Januari 2020 ilipiga mlima huko Calabasas, California, ikiwa na nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant, binti yake Gianna na wengine saba. Hakuna aliyepona. Wachunguzi wa Marekani hawakukuta hitilafu katika injini. Rubani aliingia mawinguni wakati kampuni iliyomwajiri ilikuwa na kibali cha kuruka kwa kuona tu, akapoteza hisia ya wapi ni juu na wapi ni chini. Helikopta iliyojengwa kwa ajili ya hali mbaya ya hewa ilikuwa mikononi mwa utaratibu usioruhusu kuruka katika hali hiyo. Naumia kila ninapolifikiria hilo, kwa sababu ndilo linaloweza kutokea kwetu kirahisi kabisa: mashine kubwa inunuliwe, na fedha za mafunzo ya rubani ziwe zimekwisha.

Turudi kwenye makaratasi. Aprili 2016, kando ya kisiwa cha Turøy nchini Norway, rota kuu ya EC225 iling'oka angani, watu 13 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa wa uchovu katika gia moja ndani ya giaboksi kuu. Katika kufuatilia historia ya giaboksi hiyo, wachunguzi walikuta kwamba mwaka uliotangulia ilipata ajali ya barabarani huko Australia ikiwa inasafirishwa kwa lori, ikakaguliwa, ikatengenezwa, kisha ikafungwa kwenye helikopta hii ya Norway. Hawakupata ushahidi wa kuunganisha ajali ile ya lori na ufa huu. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha jinsi kipuri kinavyoweza kuwa na maisha ya kwake, mbali na mashine unayoiona mbele yako. Kama makaratasi yasingefuata giaboksi hiyo hatua kwa hatua, hakuna ambaye angejua ilipita wapi.

Ndiyo maana kila kipuri chenye kikomo huhitaji historia kamili tangu siku kilipotoka kiwandani, pamoja na hati ya kuruhusiwa kutumika. Kipuri chenye afya lakini kisicho na historia ni chuma chakavu, kwa thamani na kwa sheria. Na hati hughushiwa. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kampuni moja ya London ilikuwa imesambaza vipuri vyenye hati za uongo, vikaishia ndani ya injini za ndege za abiria za mashirika makubwa yenye idara nzima za ukaguzi. Ikiwa hao walipenyezewa, mtu mmoja mwenye helikopta moja ana sababu ya kupiga simu kwa kila karakana iliyotia saini, kuuliza kama kweli kazi hiyo waliifanya wao.

Baada ya bei ya mafuta ghafi kuporomoka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 30 mwanzoni mwa 2016, kampuni kubwa za helikopta za baharini zilielemewa. CHC iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2016, Bristow ikafuata 2019. Helikopta kubwa za injini mbili zikajaa sokoni. Wakati kama huo madalali huzaliwa kila kona, na hapo swali la nani hasa ni mwenye mali huwa muhimu kuliko bei. Helikopta inaweza kuwa imewekwa rehani benki, au inadaiwa na karakana iliyoitengeneza. Kwa zilizosajiliwa Marekani, rekodi za umiliki na madeni ziko Oklahoma City. Kwa mikopo ya kimataifa kuna rejista ya Dublin, Ireland, iliyoanza 2006 chini ya Mkataba wa Cape Town, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Utafutaji wa humo hugharimu fedha kidogo mno ukilinganisha na mali yenyewe. Anayekuhimiza utume fedha kabla ya utafutaji huo, mkatie simu.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa hapa kwetu hulipuuza na ambalo mimi naliona la kwanza: jirani zako wanarusha nini? Helikopta ya kipekee ni fahari siku ya kwanza. Waliokua miaka ya 1980 wanaikumbuka Bell 222 ya tamthilia ya Airwolf, na urembo wake ulimponza mnunuzi mmoja baada ya mwingine, kwa sababu injini zake za awali zilisifika kwa matatizo. Hiyohiyo ya kwenye filamu iliuzwa, ikawa ambulansi Ujerumani, ikaanguka mwaka 1992 katika hali mbaya ya hewa na kuua watu watatu. Ukinunua aina ambayo hakuna mwingine Afrika Mashariki, kila spea itatoka Ulaya au Marekani, fundi mwenye leseni ya aina hiyo atapanda ndege kuja, na rubani atakwenda ng'ambo kufunzwa. Wakati huo helikopta imesimama na mkopo unatembea. AS355 ina undugu wa karibu na AS350 zilizojaa Wilson, na undugu huo una thamani kuliko viti vya ngozi. Usajili nao una masharti yake: mamlaka ya usafiri wa anga itataka kujua kama aina hiyo inatambulika nchini, hati ya ubora wa kuruka ya kuuzia nje iko wapi, na kama kila kifaa kilichoongezwa, kuanzia kiyoyozi hadi ndoano ya mizigo, kina idhini yake.

Ukaguzi wenyewe kabla ya kununua, ukifanywa sawasawa, huchukua siku kadhaa. Fundi awe wa mnunuzi, alipwe na mnunuzi, asiwe na kamisheni katika mauzo. Hilo ndilo sharti la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lililokosekana katika hasara nyingi za umma katika kanda hii. Atapenyeza kamera nyembamba ndani ya kila injini aangalie mapezi ya turbini kama yameungua au kumomonyoka. Vumbi la viwanja vyetu hula kompresa kama msasa. Atatoa sumaku zinazonasa chembe za chuma ndani ya oili ya giaboksi na kupeleka oili maabara. Atapima mtikisiko wa rota. Ataruka na rubani wa majaribio kupima kama kila injini bado inatoa nguvu iliyoandikwa kitabuni, moja moja, kwa sababu injini nzima huificha iliyochoka zikiwa pamoja. Kisha atakaa na vitabu, na hiyo ndiyo sehemu ndefu kuliko zote: namba ya kila kipuri katika daftari ilinganishwe na namba iliyochongwa kwenye kipuri chenyewe. Zikitofautiana, safari imeishia hapo hadi muuzaji aeleze.

Atakachokabidhi mwishoni kiwe jedwali: kila kipuri chenye kikomo, saa na mizunguko iliyobaki, tarehe ya kalenda, na gharama ya kukibadilisha. Jumlisha, ongeza juu ya bei ya muuzaji, kisha gawanya kwa saa utakazoruka katika miaka mitano. Nambari inayopatikana ndiyo bei ya helikopta hiyo. Wengi wakiiona huhamia kwenye mashine mpya zaidi ya injini moja, au hukodisha. Wengine, wenye kazi ya usiku, ya baharini au ya hospitali, huona kwamba injini mbili zinastahili kila senti, nao wako sahihi, mradi wanunue zenye nguvu ya kutosha kwa mwinuko wetu.

Wengi wetu hatutanunua helikopta, lakini tutabebwa. Tangu mgombea urais Freeman Mbowe alipozunguka na chopa katika kampeni za Tanzania mwaka 2005, na kwa wenzetu wa Kenya katika kila uchaguzi tangu hapo, mashine hizi hushuka kwenye viwanja vya shule katikati ya umati wa watoto wanaokimbilia vumbi lake. Watoto hao hawakusaini mkataba wowote wala hawakuulizwa. Kwa ajili yao, anayekaribia kupanda amuulize rubani maswali matatu kabla ya kufunga mkanda: leo tuna uzito gani, injini moja ikizima hapa tutakwenda wapi, na hilo limeandikwa ukurasa gani? Kitabu cha helikopta kina majedwali ya hesabu hiyo, kwa kila mwinuko na kila nyuzi ya joto. Rubani aliyeipiga asubuhi atakuonyesha kwa nusu dakika. Akikuambia usijali, ina injini mbili, shuka.